Timu Yangu ya Nyuma ya Kalenda

Mpira wa kikapu siujui, na sijawahi kuujua. Nasema mapema kwa sababu wapo watu pale Kigoma ambao hadi leo wanadai nilishinda kwa bahati. Sikushinda kwa bahati. Nilishinda misimu miwili mfululizo kwa sababu nilikuwa napika.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Wakongomani wakivuka ziwa, Warundi wakiingia kwa miguu, na mji ukajaa malori, maturubai na vijana warefu wasio na kazi. Kile kiwanja cha saruji jirani na stesheni, ambacho kwa miaka mingi sisi wanawake tulianikia mihogo, kikarudishiwa vikapu vyake. Kila Jumamosi saa kumi jioni zilicheza timu za bandari, reli, walimu na wakimbizi. Mihogo yetu tukahamishia juu ya mabati, na hakuna aliyetuomba radhi.

Banda langu la chakula lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na wateja watatu wa kudumu: mwalimu mmoja kapera wa sekondari, karani wa tiketi wa reli, na mzee mmoja wa Ujiji aliyeuza migebuka, samaki wa ziwa letu. Mwalimu ndiye aliyeuleta mchezo. Alikuwa amesoma kwenye gazeti kuukuu kwamba huko Marekani watu huchagua wachezaji halisi kutoka timu mbalimbali, kila mtu akaunda timu yake kwenye karatasi. Mchezaji akifunga uwanjani, alama zinaingia kwa mwenye karatasi.

"Na mchezaji mwenyewe anapata nini?" mzee akauliza.

"Hapati kitu. Hata hajui."

Mzee akasema biashara hiyo ameipenda.

Tukakubaliana kila mtu achague wachezaji watano. Kikapu kilikuwa na alama zake mbili, mpira uliodakwa ukigonga ubao alama moja, na faulo ilikata moja. Karani ndiye aliyehesabu, maana ndiye tuliyemwamini na kalamu. Majina tuliyaandika nyuma ya kalenda ya zamani, nikaibandika ukutani bandani. Mshindi wa msimu angekalia kiti cha uvivu, kiti pekee chenye egemeo mle ndani, na wenzake wote wangemwamkia "Shikamoo, meneja" hata kama wamemzidi umri. Mimi waliniingiza ili tutimie wanne. Mwalimu alinieleza sheria polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba nina uziwi.

Wenzangu walichagua wanaoruka sana. Mimi nilichagua wanaokula vizuri. Mtu akila mbele yako kila siku huwezi kumkosa. Nilijua nani kagombana na mkewe, maana alikuwa akija asubuhi mapema na kuomba chai bila kusalimia. Nilijua nani ana funza mguuni na nani anajidai mzima huku homa inamtetemesha kijiko. Karani alimng'ang'ania kijana mmoja wa bandari kwa sababu ya kifua chake, nami nikanyamaza, maana yule kijana hakuwahi kumaliza sahani. Wiki ya tatu alianguka uwanjani akabebwa.

Msimu wa pili ulipoisha na bado nimekaa kwenye kiti cha uvivu, walianza kunichunguza. Mzee, anayenizidi miaka ishirini, aliniamkia kila asubuhi akiangalia pembeni. Ndipo walipogundua kwamba Jumamosi mchana wachezaji wao walikuwa wakiongezewa ugali wa muhogo na maharage bila kuomba, wakaingia kiwanjani wazito, wakati wangu nawapa uji na ndizi moja. Wakafanya kikao. Sheria mpya ikaandikwa chini ya kalenda: meneja haruhusiwi kuongeza ugali siku ya mechi. Niliona ni wivu tu.

Lakini nguzo ya timu yangu alikuwa mtu mmoja, Mkongomani mrefu ajabu aliyekuja na boti kutoka Uvira akiwa peke yake. Alikuwa akibeba mizigo bandarini kwa kibali cha mkimbizi, na Jumamosi akichezea timu ya wakimbizi. Siku ya kwanza kuja bandani alikula mgebuka mzima na kichwa chake, akalamba mawese vidoleni, akaniambia "asante mama" mara tatu. Siku ya kuchagua nilikuwa wa kwanza kusema, nikamtaja yeye. Aliposikia kwamba kuna karatasi na kwamba jina lake liko juu kabisa, alikuja kulitazama. Tangu hapo hakukaa kula kabla hajaligusa kwa kidole. Nilimcheka. Sikujiuliza kwa nini.

Msimu wa tatu ukafika Jumamosi ya mwisho, mimi na Mwalimu tukikaribiana. Jumatano yule mrefu alikuja akiwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Habari imefika: mama yake, aliyempoteza usiku wa kukimbia, yu hai, yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Boti inaondoka Ijumaa jioni, naye anaondoka nayo. Aliniambia mimi peke yangu. Nililia kwa furaha, machozi ya kweli, nikamwongezea mchuzi.

Alipotoka tu, nikafuta machozi nikapiga hesabu. Jumamosi hatakuwepo. Nitacheza na watu wanne.

Mwalimu alikuwa amenisumbua misimu miwili nimwachie yule mrefu, tubadilishane. Alhamisi nikamwita. Nikakaa kama mama anayemwoza binti yake wa pekee, nikasema basi, nimechoka kubishana, mchukue, nipe yule mpakiaji wako wa bandari anayekula sahani tatu. Mwalimu alinipa mkono mbio mbio nisije nikageuza mawazo. Karani akachora mstari kwenye jina moja, akaliandika upya upande wa pili. Usiku ule nililala fofofo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Ijumaa mchana yule mrefu akaja kuniaga, na mfuko wake begani. Kama kawaida alikwenda kwanza ukutani. Kidole kikasimama hewani.

"Mama," akasema, "hata wewe umenihamisha?"

Nikaanza kueleza. Ni mchezo tu, mwanangu, ni karatasi.

"Najua karatasi," akasema. "Waliniandika kule ufukoni, wakanihamisha. Waliniandika kambi ya kwanza, wakanihamisha. Ya pili, vilevile. Hii yako ndiyo mtu alinichagua."

Nilikoroga sufuria isiyokuwa na kitu. Akautua mfuko chini.

"Mechi ya kesho iko saa ngapi?"

"Saa kumi. Lakini boti..."

"Boti ingine iko Jumanne. Mama yangu ataningoja siku ine. Kesho nitachezea Mwalimu."

Jumamosi mchana nilivunja sheria waziwazi. Nilimwekea mlima wa ugali na maharage. Alisukuma sahani. "Leo nakula kwa Mwalimu," akasema, na wote tulijua Mwalimu hajui hata kuchemsha chai.

Alicheza na njaa. Kikapu cha kwanza akageuka kunitazama pale ukingoni. Cha pili akanitazama tena. Nilikasirika, nikasema moyoni mtoto huyu hana shukrani. Cha tano nikaona aibu, aibu kabisa, ya kutaka kuvuta khanga hadi machoni. Sijui kilikuwa cha ngapi nilipojikuta nimesimama, khanga mkononi naizungusha, nikipiga vigelegele kwa kila kikapu kilichonizamisha.

"Una wazimu wewe!" mzee akanifokea. "Huyo si wako!"

"Ni wangu!" nikasema. "Wa kwangu huyo!"

Karani alihesabu mara mbili. Nilishindwa kwa alama tatu. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha uvivu, akakunja nne, akasubiri. Mwanangu wa kuzaa alikuwa mwanafunzi wake, na mimi nilikuwa na umri wa kumzaa yeye. "Shikamoo, meneja," nikasema. Akaitika "Marahaba!" hadi abiria stesheni wakageuka.

Jumanne nilishuka bandarini na migebuka ya kukaanga kwenye majani ya mgomba. Nilimwomba msamaha mbele ya wapagazi wote. Akacheka, akainama sana ili nimfikie, nikamkumbatia.

Msimu mpya ulipoanza tulichagua upya kwa mara ya kwanza; aliyeshika mkia ndiye wa kuanza, lakini niliwaomba zamu hiyo, wakanipa. Nikamtaja yeye.

"Mama," Mwalimu akasema, "yuko Kalemie. Atafungaje?"

"Mwandikeni."

Karani akaliandika juu kabisa. Kila Jumamosi aliweka sifuri mbele ya jina hilo, nami nikacheza na watu wanne hadi mwisho, nikawa wa nne, nikawaamkia wote watatu kila asubuhi.