Niliulizwa Kama Ni Muziki, Nikasema Sijui

Mimi ni mkosaji. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kabla hujanihurumia, maana nikianza na habari za vita utafikiri na mimi ni mmoja wa walioonewa. Hapana. Mimi ndiye niliyeogopa, na mwenzangu ndiye aliyeumia.

Jina langu usiniulize. Ni mzee wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, niliwahi kufanya kazi bandarini Kalundu. Inatosha.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru tulikuwa watu watatu wenye ugonjwa mmoja: jazi ya Waamerika weusi. Kashindi alikuwa muuguzi wa dispensari, na gramafoni ilikuwa nyumbani kwake Kimanga. Wa pili tulimwita Mwalimu, mtu wa milimani kwa wafugaji, Mprotestanti wa kweli. Mchungaji wake angejua, angemtenga, kwa hiyo siku zote alikaa karibu na mlango. Wa tatu ni mimi. Diski tulizinunua ng'ambo ya mpaka, mjini Usumbura, moja moja, kwa kujinyima.

Tulikutana Jumapili baada ya misa. Kashindi alikuwa na sheria yake: diski ikizunguka, hakuna kusema. Sindano ikiinuliwa, kila mtu anaeleza alichosikia. Mwalimu alisema besi ile nene inatembea kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Kuna tarumbeta nyingine ambayo Kashindi alisema inalia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, na bado anabisha kwa adabu. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kuisikia kwa namna nyingine.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma. Nilisoma shule Kigoma, baba alipokuwa kazini kwenye reli, nikapata Kiingereza. Maneno yaliyoandikwa nyuma ya ganda la diski niliyageuza Kiswahili, na wale wawili wakanisikiliza kama padri. Nilipenda sana kusikilizwa vile.

Halafu uasi dhidi ya serikali ukatufikia.

Wapiganaji walipoingia mjini, Mwalimu alivuka mpaka bila kuaga. Watu wakaanza kufukia vitu: redio, tai, picha za Wazungu. Ndege zilikuja juu ya ziwa zikaangusha mabomu, na wapiganaji wakasema ni za Amerika, na kwamba mwenye kitu cha Amerika ndiye anayeziita. Nilimshauri Kashindi azifukie diski. Alisema ataziweka chini ya kitanda, muziki hauiti ndege. Moja ilikuwa yangu, nilikuwa nimeiacha kwake. Sikwenda kuichukua. Niliogopa kuonekana nayo barabarani.

Asubuhi moja wapiganaji wawili wakaja kwangu. Walikuwa vijana wadogo, macho mekundu, mmoja amevaa ngozi ya mnyama kichwani. Hawakunipiga. Walisema tu kwamba majirani wamewaambia mimi najua Kiingereza, na mkubwa wao ananihitaji. Mke wangu alinishika shati, ikabidi nimbandue vidole.

Nilipoona tunaelekea nyumbani kwa Kashindi, mkojo ulinitoka kidogo. Ndiyo, na hilo naliandika.

Lori lao lilikuwa limesimama barabarani. Kashindi alikuwa ndani, amelazwa kifudifudi chini ya miguu ya watu. Niliona nyayo zake tu. Yeye hakuniona, wala sauti za barazani hazikumfikia. Barazani diski zilikuwa zimemwagwa chini, gramafoni iko wazi. Mama Furaha, mke wake, alisimama kwenye mlango wa jikoni na mtoto mgongoni, hatikisiki.

Mkubwa wao alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinitisha zaidi. Alinieleza kwamba mtu huyu wa dispensari amesikika akisikiliza sauti za ng'ambo. Amekiri kwamba diski zote ni zake, na alipoulizwa ni nani wengine wanaokuja kusikiliza, alijibu kwamba hakuna. Kisha akanipa ganda moja nisome.

Lilikuwa la diski yangu.

"Weye unajua Kingereza," akasema. "Huyu muntu anasema iko muziki tu. Batu banasema iko mambo ya kuita ndege. Soma. Iko muziki ao hapana?"

Maneno yale niliyajua kwa kichwa. Yalimweleza mpiga tarumbeta aliyelelewa na bibi yake, na jinsi wenzake walivyopiga naye nyimbo zote alasiri moja, katika chumba chenye joto. Nilikuwa nimeyasoma kwa sauti katika nyumba ile ile, nikijidai. Ningeyasema tena tu. Lakini niliona swali litakalofuata: kumbe nawe ulikuwa ukija hapa kusikiliza? Niliona lori, na nyayo zangu kando ya nyayo zake.

"Miye sijui, mukubwa," nikasema. "Kingereza hiki kinanishinda. Naona tu neno Amerika."

Akaniangalia. "Iko muziki ao hapana?"

"Sijui."

Hakukasirika. Alilitupa ganda chini, akatembea mpaka kwenye lori, akasema kitu. Kisha nikasikia vitako vya bunduki. Walimpiga masikioni, huku na huku, wakisema haya ndiyo masikio yanayopenda Amerika. Kashindi alilia kidogo, halafu akanyamaza. Mimi niliambiwa nirudi nyumbani. Nikarudi. Tena kwa haraka!

Walimfunga mpaka walipoukimbia mji. Alipotoka, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia kama la mtu aliye chini ya maji. Kazi ya dispensari ikamshinda. Mtu asiyeweza kusikia pumzi za mgonjwa atamwangaliaje kifua?

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia. Sikuweza. Hofu haikuisha na vita. Kwanza niliwaogopa wapiganaji, halafu askari waliokuja baada yao, mwisho nikamwogopa Kashindi mwenyewe, mtu mpole kuliko wote. Nilitafuta gramafoni nyingine na diski chache nikampelekea. Jumapili nikawa nakwenda kwake kama zamani. Diski ikizunguka, aliweka kiganja juu ya sanduku akafumba macho. Ikiisha, alinigeuzia sikio la kulia na kunitaka nimweleze tarumbeta imefanya nini. Nami nilipaza sauti, nikamweleza. Hivyo, miaka mingi.

Jumapili moja alinishika mkono. Alisema kuna jambo amekuwa akiliwaza.

"Siku ile kama bangekuita weye," akasema, "ungebasomea, na mambo yangeisha."

Nikatikisa kichwa kukubali. Mungu wangu, nilikubali!

Mama Furaha alikuwa pale pale, anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo. Hakuinua uso. Siku ile ya lori alikuwa mlangoni, alisikia kila neno langu. Miaka yote nilikunywa chai yake nikingoja aseme. Jioni hiyo alinisindikiza mpaka barabarani, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Hakunitukana.

"Sikumuambia," akasema. "Na si kwa ajili yako. Hana muntu mwengine wa kumuelezea muziki. Nikimuambia, atabakia na nini? Weye utakuja. Hata ukiwa mugonjwa, utakuja."

Nilikwenda mpaka tulipomzika. Makaburini watu walinisifu, wakasema rafiki wa namna hii haonekani tena. Nilisimama na kofia mkononi, na Mama Furaha ng'ambo ya shimo akinitazama tu. Niliogopa kuliko siku ya lori.

Wewe unayenisoma, iko siku watu wenye nguvu watakuuliza neno dogo juu ya mwenzako. Utatetemeka, na kutetemeka si dhambi. Sema unachokijua. Na kama umekwisha kushindwa kama mimi, usinunue zawadi, usijifiche nyuma ya wema, usimbebeshe mke wake siri yako. Nenda kwa mwenzako leo ukamwambie, maadamu bado anasikia, hata kwa sikio moja.