Msumari wa Mpapai Dume

Ting! Hiyo ndiyo kengele ya mashine ya kuchapa, kila mstari ulipofika mwisho. Miaka ile ya vita nilikuwa nachapia watu barua mlangoni pa duka la mjomba wangu, mtaani Buyenzi, Bujumbura. Umeme ulikuja ukitaka. Mashine yetu ya mkono haikuusubiri.

Siku moja akaja mwalimu kijana wa chuo kikuu. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea udaktari huko Ulaya. Si ule wa sindano, ule wa kuchunguza mimea. Wataalamu wa huko wanataka kujua, akanieleza, mpapai unapataje kuwa dume au jike, na siri hiyo imejificha wapi ndani ya chembe zake.

Nilicheka mpaka nikakosea herufi.

"Mwalimu, kwetu iko moja dume. Kazi yake maua tu! Mama alimupigilia musumari apate haya, azae."

Yeye hakucheka. Barua yake ilikuwa na pengo: walitaka aeleze mti aliouona kwa macho yake, na mipapai yake ilikuwa milimani, vita vimefunga njia. Mwisho wa kutuma ni kesho.

"Na ulizaa?"

"Kamoja tu. Kananing'inia kwa kikonyo kirefu, kama hereni."

"Dume limezaa? Twende, dada, twende!"

Tulimkuta mama na panga mkononi, anataka kuukata mpapai apate nafasi ya kupanda ndizi.

"Mama, apana!" nikapiga kelele.

"Mi nimechoka na huyu mume. Anakula udongo wangu bure."

Mwalimu akapita katikati ya mama na mti, akapima kikonyo kwa rula yangu, akahesabu maua, akaandika yote daftarini mwake. Akasema madume mengine hugeuka kidogo, yakazaa.

"Kwa hiyo si musumari wangu?" mama akauliza, kama mtu aliyenyang'anywa sifa.

"Si musumari, mama. Ni asili yake."

Mama akaangalia mti, akaangalia daftari. "Ah! Mupapai yenye kuandikwa Ulaya, nitaikata namna gani?"

Barua ikaenda, na nafasi akaipata. Alipita kuaga, amebeba koti la baridi katikati ya joto la Bujumbura, akaniambia, "Na we maliza shule, dada. Mipapai haijaisha." Nilimwamini kabisa, mimi niliyeachia njiani.

Jioni hiyo, mama akiwa sokoni, nilichukua koleo la mjomba. Nikauchomoa ule msumari polepole, nikapaka udongo mbichi pale kwenye kidonda.