Fahali wa Ukutani

Operesheni Vijiji ilipomtoa Wegesa mlimani na kumpanga kwenye mstari wa kijiji kipya, huku Kenyamonta, alikuta nyumba zimefanana kama meno ya punda. Hakulalamika. Alisiriba yake kwa namna yake, na baada ya muda mfupi hata walevi waliitumia kama alama ya kujua makwao yako wapi.

Lakini kuchora hakujua, na hakuona haya kusema hivyo. Alichanganya mavi mabichi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu, akaupiga ukuta kwa kiganja, akaukwaruza kwa gunzi la mahindi, akaumwagia maji ya majivu na kuyaacha yateremke yanakotaka. Ukimuuliza atatoa nini, alijibu, "Usubiri ukauke, utasema wenyewe." Kazi yote ilimtegemea ng'ombe wake mmoja wa mabakabaka, aliyelala nyuma ya jiko. Wa jirani hawakumfaa. Mavi yao, alidai, hayakuwa na msimamo.

Ndipo kamati ya kijiji ikaamua kwamba ng'ombe wote walale katika zizi la kijiji.

Wegesa alimfuata mwenyekiti, Waitara, kumwombea ng'ombe wake, akamkuta akiumiza kichwa juu ya mgeni kutoka wilayani na ukuta mtupu wa ofisi.

"Mama Robi, nichoree mkulima na jembe," Waitara alimwambia Wegesa. "Mgeni akipendezwa, ng'ombe wako abaki kwako. Nitamwita kifaa cha kazi."

"Mtu sijui kumchora, mwenyekiti. Najua kusiriba."

Waitara alitafakari. Mchoraji mwingine hakuwepo. "Basi nisiribie maendeleo."

Siku ya mgeni, kanga iliyofunika ukuta ilivutwa. Kulikuwa na mabaka meusi, michirizi ya kijivu, na wekundu uliopanda upande mmoja bila kutoa sababu. Watu walitazamana kama waliopewa taarifa ya msiba ambao bado haujatajwa wa nani.

"Ndugu mwenyekiti," mgeni aliuliza, "hii ni nini?"

"Maendeleo, ndugu."

"Yanaelekea wapi?"

"Yanapanda. Pale juu, ndugu, penye wekundu."

Mzee Nyangwine alipenya katikati ya watu kwa fimbo. Alikuwa mtu asiyekumbuka majina ya wakwe zake, lakini ngozi ya ng'ombe akiiona mara moja haisahau. Aliusogelea ukuta, akaupapasa.

"Fahali wangu!" alisema. "Yule aliyepotea mwaka wa njaa. Si hili doa la bega? Si huu mstari wa mgongo?"

"Doa la fahali wako lilikuwa kushoto, mzee," alisema Selestine, katekista.

"Hapa amegeuka."

Kisha akamgeukia Wegesa. "Na wewe, mama, ulimwona wapi?"

"Sikumwona, mzee. Ni mavi ya ng'ombe wangu tu."

"Ahaa! Mmesikia? Ng'ombe wake ana mabaka haya haya, na mavi yake yametoa fahali wangu. Huyo ni mtoto wake! Namtaka."

Wazee waliitikia kwa vichwa, maana hoja ilikuwa na ushahidi mbele ya macho yao. Wegesa aliona ng'ombe wake akiponea zizi la kijiji ili apelekwe la Nyangwine. Aliinua ndoo yake ya maji ya majivu iliyobaki pale chini na kuumwagia ukuta wote. Waitara alifumba macho.

Yale mabaka yakatengana, mengine yakaungana. Lile doa la bega likateremka hadi miguuni.

"Haya, wazee wangu. Sasa ni wa nani?"

Selestine akasogea, uso umebadilika. "Jamani," alisema, "sasa ni wangu."

"Wako wapi! Hiyo pembe ni ya ndama wa kwetu!" mwingine akapaza sauti, na kila mtu akaanza kudai.

Mgeni alicheka mpaka akakosa pumzi. Alipotulia aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo kwamba jiko la mama yake lilikuwa hivyo hivyo, moshi ulipanda upande ule. "Na ng'ombe wa mama huyu analala wapi?"

"Kwake, ndugu," alidakia Waitara. "Ni kifaa cha kazi."

Tangu hapo Nyangwine alipita ofisini kila jioni kumtazama fahali wake, ambaye kwa maelezo yake alikuwa amelala tu. Masika yalipokuja na kuusomba udongo wa ukutani, alikwenda kwa Waitara kutoa taarifa kwamba fahali amepotea mara ya pili. Waitara akamtuma kwa Wegesa.

"Shikamoo, mzee," Wegesa alisema. "Kaa. Ng'ombe wangu akiamka na kutupa mavi, tutamtafuta fahali wako."