Viwavi wa Nyuma ya Tangi

Wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Daftari, maana hata akienda kuanika mashuka daftari halikumtoka mfukoni. Kwa miaka tisa aliwaandika vipepeo wadogo wa rangi ya chungwa na nyeusi waliorukaruka karibu na kamba: siku, saa, idadi. Hakuwachanganya na wale wakubwa wanaofanana nao kwa mbali. Hawa wake hawakuzidi upana wa vidole vitatu, na walipokunja mabawa, upande wa nje ulionyesha utepe mweupe.

Siku moja mmea unaowasha, uliotambaa kwenye uzio, ukamchoma mkono. Akamwambia mtunza bustani, "Kaka, ung'oe wote. Ila maua usiyaguse, ndiyo nyumba ya vipepeo wangu."

Maua yakabaki. Vipepeo wakapungua, mpaka daftari likaandikwa sifuri wiki mbili mfululizo.

Ndipo akarudi kwenye kurasa za zamani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akakuta mwandiko wake mwenyewe: "Jike limetaga kwenye mmea unaowasha. Kwenye maua hunyonya tu, halafu huondoka." Alikuwa ameona, akaandika, akasahau. Amewaua kwa mdomo wake!

Alimkuta mtunza bustani akinoa fyekeo.

"Kaka, ule mmea uliumaliza?"

Akajikuna kichwa. "Dada, nikikwambia utanisema."

"Usiponiambia ndiyo nitakusema."

"Nyuma ya tangi la maji niliuacha. Uliniwasha mpaka shingoni! Nikasema nitamalizia kesho."

"Kesho ipi? Mwezi unakwisha huu."

"Kesho ya wavivu, dada. Haina tarehe."

Mama Daftari alikuwa ameshafika kwenye tangi. Majani yalikuwa yametafunwa matundu matundu. Akaligeuza moja kwa kijiti: kiwavi mwenye miiba. Jingine, wawili. Alipofika saba, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mungu aubariki uvivu wako, kaka!"

"Basi nisimalizie?"

"Thubutu! Mashuka ya wodi nzima utayafua wewe."

Akatoa daftari: "Viwavi saba, nyuma ya tangi. Mmea usikatwe." Kabla ya kulifunga, akausoma mstari ule mara mbili.