Kuinua na Kurudisha Pale Pale

Kwa nini mtu mwenye akili timamu ainue mkebe wa kokoto, kisha aurudishe pale pale alipoutoa?

Swali hilo niliulizwa asubuhi ya kwanza ya kuwafundisha kina mama wazee mazoezi, ndani ya darasa la chekechea mtaani Mountain View, na mama mmoja mzee aliyekuwa amekalia kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Mimi nimebeba kuni tangu niote meno," alisema. "Lakini nilikuwa nazipeleka nyumbani. Sasa wewe, mwalimu, hii kitu tunaipeleka wapi?"

Wenzake wakacheka. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu wa mazoezi ya viungo, wakati ambapo shahada ilikuwa haiajiri mtu tena, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya vitabuni: misuli, mifupa, uzani. Nikayasema yote. Alinisikiliza kwa adabu, akauinua mkebe, akaurudisha, akasema, "Haya. Tumefika."

Mikebe yenyewe ilikuwa ya rangi ya kupaka nyumba, ile yenye mkono wa waya. Niliiomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya barabara ya Waiyaki Way, nikaijaza kokoto, nikauzungushia kila waya kitambaa ili usikate vidole. Kila Jumamosi watoto wakiwa kwao, kina mama walisukuma meza ukutani na kuinua.

Vita ya kwanza ilikuwa ya nguo. Mtu hawezi kuchuchumaa vizuri huku akibana sketi kwa magoti, nami nikawaambia waje na suruali. Wakatazama sketi zao. Ni mama mmoja wa Kipunjabi, mjane aliyeishi nyuma ya shule, aliyetuokoa. Yeye alikuja na suruali yake pana chini ya gauni, kama alivyovaa siku zote.

"Hii mimi navaa tangu mtoto," alisema. "Mungu bado hajauliza."

Jumamosi iliyofuata wengine walikuja wamevaa suruali za waume zao chini ya magauni, nyingine za marehemu, zimekunjwa mara mbili kifundoni. Mzee mmoja wa kanisa akasikia, akaja kusimama mlangoni na kofia mkononi, akisema jambo hili halionekani vizuri. Yule mama wa kuni akamtazama.

"Mzee," alimwambia, "kama umekuja kuangalia miguu, kweli ni hii yetu umechagua?"

Hakurudi tena.

Lakini mama huyo wa kuni alikuwa na vita nyingine, na wote tuliijua. Wakati wa mvua ndefu aliteleza nyuma ya nyumba yake akalala matopeni mpaka muuza maziwa alipomkuta. Mwanawe, aliyefanya kazi katika ofisi moja huko Upper Hill na kukaa Kilimani kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, akaamua: mwisho wa mwezi mama atahamia kwake, na nyumba ya Mountain View itapangishwa. Nyumba hiyo mama aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, baada ya mumewe kufa.

"Kilimani nitapanda mboga yangu ya sukuma wapi?" alituuliza. "Kwa sinki?"

Mwanawe alikuja darasani Jumamosi moja akiwa na tai. Alinivuta kando.

"Dada, wewe umesoma. Unajua mtu wa umri huu akianguka haamki."

"Nani amesema?"

"Daktari."

"Daktari alimwona akijaribu?"

Nilikuwa na umri wa kumuuliza kila mtu swali la namna hiyo, na mara nyingi niliambiwa nina mdomo. Siku hiyo sikujali. Nilimwambia kwamba kwa miezi kadhaa tulikuwa tukifanya jambo moja zaidi ya mikebe: kulala sakafuni na kuamka bila kushikwa. Unageuka ubavu, unasukuma kwa mikono, unapiga magoti, unasimamisha mguu mmoja, unainuka. Mama yake alikuwa akiweza, siku nyingine kwa shida. Aje Jumamosi ijayo aone kwa macho yake. Akiamka peke yake, abaki kwake.

Alikubali haraka, kama mtu anayeahidi kitu ambacho hatakitoa kamwe.

Aliyekataa ni mama.

"Nilale chini mbele ya baba yangu?"

Nilikuwa nimesahau. Huyo ndiye mwana aliyepewa jina la babake mama, na tangu azaliwe mama alimwita "baba". Kwa desturi za kwao, mtoto wa kiume akishatahiriwa hamwoni mama yake amelala, sembuse kugaagaa sakafuni. Na huyu alikuwa mwana na baba kwa pamoja.

"Cucu, hiyo ni mila tu," nilimwambia, nikimwita bibi kwa lugha yao. "Nani aliitunga?"

"Simjui. Lakini si yeye anayetaka kunitoa kwa nyumba yangu." Akafunga kitambaa chake cha kichwa upya. "Wewe ukikosa heshima watasema umesoma sana. Mimi watasema nimezeeka vibaya. Mila ni yangu. Niachie."

Niliondoka nimekasirika. Niliona nyumba inapotea kwa sababu ya kitu ambacho hata mwenyewe hawezi kukieleza. Nilitaka apigane kwa njia yangu.

Jumamosi ilipofika mwana alikaa kwenye kiti cha chekechea, tai imelala juu ya goti. Mama alisimama katikati ya chumba. Ndipo mama wa Kipunjabi alipofungua mkoba wa sokoni na kutoa leso ya kujifunga, nyingine, na nyingine. Bila kuniuliza, kina mama wakazishika pembe kwa pembe, wakasimamisha ukuta wa nguo kati ya mama na mwanawe. Mimi nikabaki upande wa mama.

Alilala. Mwana alikuwa hawezi kuona ila nguo, na juu yake nyuso za kina mama zikimkodolea macho. Mama akageuka ubavu. Akasukuma kwa mikono. Mshika leso mmoja akashusha mkono kutaka kumsaidia.

"Usimguse," nilisema.

"Anayenigusa nitamuuma," sauti ikatoka chini.

"Mami, uko sawa?" mwana akaita.

"Nyamaza, baba. Niko kazini."

Goti. Goti la pili. Akapumzika hapo kwa muda mrefu sana, ameegemea viganja, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Kisha akauleta mguu mbele. Kwanza juu ya leso kilitokea kitambaa cha kichwa, halafu paji la uso lenye mfuo ulioachwa na mkanda wa kubebea kuni, halafu macho. Alimtazama mwanawe kwa macho hayo bila kupepesa.

"Haya, baba," alisema. "Sasa nipeleke nyumbani. Kwangu."

Mwana alisimama, akajifuta magoti ambayo hayakuwa na vumbi, akasema mvua inakaribia. Neno Kilimani hakulitaja tena, wala nyumba haikupangishwa.

Mama aliishi humo hadi mwisho wake, miaka mingi baadaye. Siku ya mazishi jirani yake alinisimulia kwamba wiki ileile ya leso, siku chache kabla ya Jumamosi, alimwona kupitia ua uliotenganisha viwanja vyao akianguka tena, kifudifudi katikati ya mboga. Alipoukimbilia ua huo ili kumsaidia, aliambiwa kutoka chini: "Rudi kwako. Ukimwambia mtu, mimi na wewe tumemalizana." Jirani akabaki ameshika ua. Mama akageuka ubavu, akapiga magoti, akainuka, akamalizia kuchuma sukuma aliyokuwa ameiendea.