Jaketi Niliyovaa Kumpokea Salome

Ule mwaka bei ya unga ilipanda tukakula viazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka wajukuu wakauliza kama ugali ni chakula cha Krismasi (na sisi hapa Eldoret ndio tunalimia watu mahindi!), ndio mwaka nilijiaibisha mbele ya kamera, na kwa sababu picha bado zinatembea kwa simu za watu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Macho yangu yana ukungu. Watu naona, mlango naona, lakini rangi zilianza kuniacha moja moja, kwanza buluu na nyeusi zikawa dada, halafu kijani na nyekundu zikahamia nyumba moja, na sasa karibu kila kitu ni aina fulani ya chai. Tangu ajue hivyo, msichana wangu Rael, anayekaa Kapsoya, anataka kunivalisha. Kila Jumapili ananiwekea nguo kitandani kama mtoto wa nasari, na kila Jumapili nazirudisha kwa kabati navaa zile nataka. Mimi niliolewa nikijifunga nguo mwenyewe na nikazika mzee nikijifunga mwenyewe. Rael alikuwa anangoja nikosee mara moja tu mbele ya watu, ili kabati iwe yake, nami nilijua hivyo.

Sasa, mjukuu wangu Salome anafanya mazoezi ya mbio huko Kaptagat, na vitu vyake anaviacha kwangu Pioneer kwa sababu chumba cha kambi ni kidogo. Alipopata medali ng'ambo, familia ikaamua mimi ndiye nitampa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, akishuka ndege. Asubuhi Rael akapiga simu.

"Mama, ngoja nikuje nikutolee nguo."

"Usikuje. Tupatane huko kwa ndege."

Hapo ndipo nilijiharibia. Nilitaka kuvaa jaketi ya Kenya, moja ya zile za Salome, nikapapasa kwa sanduku yake nikapata mbili, zipu sawa, kola sawa, zote zimedariziwa kitu hapo kifuani, nikazipeleka dirishani. Moja ilikuwa chai ya maziwa, ingine chai ya rangi. Nikafikiria, nyekundu siku hizi naiona kama giza, basi yenye giza ndiyo ya Kenya. (Kumbe ile ya Kenya ilikuwa imepauka na jua la mazoezi.) Nikavaa chai ya rangi, nikafunga zipu mpaka shingoni.

Kijana wa pikipiki akaniambia, "Gogo, leo umewaka!" (gogo kwetu ni nyanya, si mti). Nikamwambia aendeshe. Huko kiwanja cha ndege watu wakaanza kunipiga picha, nami nikadhani ni uzuri wa kibuyu, nikakiinua juu, nikageuka upande huu na ule, hata nikawapa mgongo waone vizuri (mgongoni, nilikuja kuambiwa, ndipo jina la nchi lilikuwa limeandikwa kubwa kabisa). Rael nilimsikia kwa mbali, nyuma ya kamba, akiita "Mama! Mama!" nikampungia mkono. Mtangazaji mmoja wa maikrofoni akanijia.

"Mama, karibu Kenya! Ulikuja na ndege gani?"

Nikajibu na sauti yangu ya kanisani, "Sikuja na ndege, nimetoka Pioneer na pikipiki!"

Weh! Watu walicheka mpaka wenye kuimba wakanyamaza. "Gogo amehama!" "Mpigieni ubalozi wake!" Nami nikacheka nao, nikawashinda kucheka, mpaka Salome akafika mbele yangu, akashika mkono wa jaketi, akaninong'oneza, "Gogo, hii ni ya yule Mwethiopia mwenye alinishinda mwaka jana. Tulibadilishana."

Kicheko changu kikakatika katikati. Ningeivua hapo hapo, lakini chini yake nilikuwa na fulana ya kulalia tu (nani alijua nitavua?). Nikajaribu kujifunika kifua na kibuyu, maziwa yakamwagikia viatu vyake. Yeye akashika kibuyu na mikono yangu pamoja, akakunywa yaliyobaki yote.

Lakini jioni nilimkuta Rael chumbani kwangu na gunia, akitoa nguo kwa kabati. Alikuwa amelia.

"Wanakucheka kwa simu, Mama. Hata watu wa kazini kwangu wamenitumia hiyo picha. Kuanzia leo ni kahawia tu. Sketi, sweta, kitambaa, kila kitu. Hata ukivaa gizani hutakosea."

Nikakaa kitandani. Aibu yake iliniuma kuliko yangu. Nikavuta rinda moja kwa gunia, nikapapasa pindo, nikajua hii ni ile ya kijani nilivaa siku Rael alimaliza shule, fundi alikosea pindo upande wa kushoto. Ingine ina vifungo vya chuma, hiyo ni zambarau, nilijinunulia bila kuuliza mzee. Nikivalishwa kahawia kila siku, hizo zote zinakufa na mimi niko hai. Lakini pia sitajidai. Vidole vyangu havikuwa vimezoeana na ile jaketi, na ningemuuliza mtu yeyote, hata yule wa pikipiki, hii ni rangi gani, angeniambia. Nilinyamaza kwa sababu niliona kuulizia rangi na kuvalishwa ni kitu kimoja, na si kitu kimoja. Hiyo ndiyo nilijifunza, nikiwa nimeshachelewa.

"Rael, niambie rangi, nguo nitachagua mimi."

"Na ukikosea tena mbele ya watu?"

"Rael, niambie rangi, nguo nitachagua mimi."