Nilivyotaka kufunga softener Kawajense, swali la mama likanisimamisha

Wakuu, habari za mchana. Hili nimelipitia mwenyewe, sijasimuliwa. Nikiteleza kwenye utaalamu, wanaojua mnisahihishe.

Naishi Kawajense, hapa Mpanda. Mwaka jana tulichimba kisima nyumbani, tukafunga pampu na tenki. Maji meupe, hayana harufu, mdomoni hayana chumvi. Tukashangilia.

Furaha ilidumu hadi siku ya kufua.

Mke wangu alisugua sabuni mpaka mche ukakaribia kuisha. Povu hakuna! Juu ya beseni utando tu, kama maziwa yaliyokatika. Baadaye heater ya bafuni ikaungua. Fundi alipoichomoa, coil ilikuwa imevaa gamba jeupe, gumu.

"Heater haina kosa," akasema. "Maji yako ni magumu. Nikikufungia nyingine itakufa hivi hivi."

Hapo udadisi ukanishika. Maji yanakuwaje magumu?

Mjini nikampata muuzaji wa filter, akaapa yake inatoa kila kitu. Nikamwomba anichujie chupa moja ya maji yangu, nikaenda nayo nyumbani.

Nikapanga chupa tatu mezani: maji ya mvua, ya kisima, na yale ya filter. Kila moja nikatia kipande cha sabuni, nikatikisa. Ya mvua povu likapanda hadi shingoni. Ya kisima, utando. Ya filter, utando uleule!

Kumbe ile filter inanasa tope na harufu. Ugumu ni chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji, inapita tu. (Mke wangu aliuliza kama nimeacha kazi nimekuwa mwalimu wa kemia.)

Nikapeleka maji maabara, wakathibitisha ni magumu sana. Fundi akashauri softener: mtungi wenye punje ndogo kama uwele zinazokamata chokaa. Zikishiba, mashine inazisuuza kwa maji ya chumvi, zinaanza upya. Tukachagua size kulingana na watu tulionao na maji tunayotumia.

Siku ya kufunga, mama yangu alikuwepo. Ametoka Litapunga, anakaa kwetu ili awe karibu na kliniki ya presha. Akauona mfuko wa chumvi.

"Baba, chumvi yote hiyo ya nini?"

"Ya mashine, mama. Ndiyo inafanya maji yawe laini."

"Na ndiyo maji nitakayokunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Daktari kanikataza chumvi kwenye mboga, wewe unaniwekea bombani?"

Mimi nikacheka. Fundi hakucheka. Akaweka spana chini.

"Bro, mama ana presha? Ungeniambia mapema."

Akaeleza kwamba chumvi haimwagiki yote bombani, ila mashine inachukua chokaa na kuacha sodium kidogo, ile iliyomo kwenye chumvi, ndani ya maji. Kwa wengi si tatizo. Kwa aliyezuiwa chumvi, uliza kwanza.

Wakuu, niliona aibu. Nilikuwa nimepima maji, bado sijamuuliza anayeyanywa.

Nikapiga simu kliniki. Wakanishauri bomba la kunywa na kupikia lisipite kwenye softener. Fundi akatenganisha mabomba siku ileile: jikoni maji ya kisima kama yalivyo, bafuni na kwa kufulia maji laini.

Sasa sabuni inatoa povu, na heater mpya haijaota gamba. Maharage bado yanachelewa kuiva, tunayaloweka kwanza. Mama anakunywa maji yake bila wasiwasi.

Kosa langu jingine: maji ya kusuuzia mashine niliyaelekeza kwenye mchicha. Ukakauka wote. Chumvi!

Nilichojifunza: pima maji kabla ya kununua, muulize muuzaji kifaa chake HAKITOI nini, na waambie mafundi hali za watu wa nyumbani.

Nyie wa Ilembo na kwingine wenye visima, maji ya kusuuzia mnayamwaga wapi? Nami bado natafuta jibu, karibuni.